Mnaotaka kwenda kujitolea kijijini baada ya mafuriko, anzieni hapa

Tangu yale maporomoko ya tope ya Hanang, mkoani Manyara, Desemba 3 mwaka 2023, kila mvua kubwa ikipiga mahali napata meseji zilezile. Kaka tuna grupu la watu 20 tunataka kwenda kusaidia, tubebe nini? Tukifika tunaanzia kwa nani? Tukachangishe nguo? Tujenge nyumba? Nimejibu mpaka kidole kimeota sugu, sasa naandika mara moja ili akija mwingine namrushia hii tu.

Mimi sio mtaalamu wa maafa. Ni mtoto wa mkulima mwenye grupu la marafiki, tumeenda vijiji kadhaa Manyara na kwingine, na makosa mengi mtakayosoma humu tumeyafanya sisi wenyewe. Na ieleweke, siongelei siku za uokoaji. Siku zile ni za jeshi, zimamoto, Msalaba Mwekundu na watu wa afya, wewe na gambuti zako mpya utakuwa mzigo tu. Naongelea wiki na miezi ya baadae, kamera zimeshaondoka, watu wamezika, na sasa mkulima amesimama mbele ya shamba lake limefunikwa tope na mawe na hajui aanzie wapi.

Kitu kimoja mkishike kabla ya vyote: bosi wa kazi hii ni mvua. Sio nyie, sio mfadhili, hata mwenyekiti wa kijiji sio. Msimu wa kupanda ukipita kijiji kinaomba chakula mwaka mzima, hata kama mmewapelekea magodoro mazuri namna gani. Kwa hiyo kila mnachopanga kipimeni kwa swali moja, hiki kitamwezesha mtu kupanda kabla mvua haijamkuta? Kama hapana, kinaweza kusubiri.

Vitu vya kuwa navyo kabla hamjagusa gari

- Barua ya kujitambulisha. Hata grupu lisilosajiliwa liandike barua, majina ya wote, namba za simu, mnataka kufanya nini na kwa siku ngapi.
- Hela ya kula na kulala nyie wenyewe. Msiende kula kwa watu waliofiwa.
- Kaunta buku mbili na kalamu. Sio simu, kaunta buku. Ntaeleza mbele.
- Majembe, sururu, chepe, mapanga, toroli mbili tatu, kamba ya manila, turubai. Majembe nunueni mji wa karibu na kijiji sio Dar, kwanza mnapunguza nauli, pili muuzaji wa pale anajua wenyeji wanatumia jembe la aina gani, na hela inabaki kulekule.
- Gambuti, glavu nzito, chandarua, dawa za kwanza. Na sindano ya pepopunda, mchome kabla ya kwenda. Kwenye tope kuna misumari, mabati na chupa huzioni.
- Mtu mmoja anayeongea lugha ya pale. Hanang kwa mfano bibi wa Kiiraqw au mzee wa Kibarbaig anaweza kukujibu Kiswahili cha adabu tu, ndio mwanangu, asante mwanangu, ila shida yenyewe ataisema kwa lugha yake.

Hatua kwa hatua

1. Piga simu, usiende. Tafuta namba ya mtendaji wa kijiji au wa kata, mueleze mko wangapi, mnaweza nini. Yeye ndo atakwambia barua ipite wapi, mara nyingi inaanzia ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri au ya mkuu wa wilaya maana kwenye maafa kuna kamati kuanzia kijijini kwenda juu na misaada inaratibiwa huko. Najua vijana mnaona ni urasimu. Sisi safari ya kwanza tuliruka hatua hii, tukafika na Canter imejaa, tukakaa ofisi ya kijiji kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 10 jioni tukisubiri kibali, na kosa lilikuwa letu.

2. Ulizia mvua, halafu hesabu kurudi nyuma. Mikoa ya msimu mmoja mvua inaanza Novemba au Desemba kwenda Aprili hivi, mikoa ya vuli na masika ni Oktoba mpaka Desemba halafu Machi mpaka Mei. Sikiliza utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa lakini muulize na mzee wa pale. Tuseme masika inategemewa wiki ya pili ya Machi. Basi mbegu ziwe mkononi mwisho wa Februari, shamba liwe safi katikati ya Februari, kazi ya kusafisha ianze Januari. Ukiona tarehe hazifiki usilazimishe mahindi, ruka uende kwenye mazao ya muda mfupi, nayasema hatua ya 6.

3. Safari ya kwanza nendeni watatu tu, mikono mitupu. Hapa watu wananibishia kila siku. Mkienda na msaada siku ya kwanza mnachokiona ni foleni, hamkioni kijiji. Nendeni watatu, angalau mmoja mwanamke, mkae siku mbili. Siku ya kwanza tembea na mwenyekiti wa kitongoji, akuonyeshe. Siku ya pili yule dada aende na kina mama peke yao, kisimani, kwenye kuni, maana mwanaume anakuonyesha shamba la mahindi lililozama ila mama ndo anakwambia bustani ya mboga iliyokuwa inalipa daftari za watoto nayo imeenda, na kuku, na kwamba maji wanayokunywa sasa hivi yananuka.

Maswali ya kuuliza: nani amepoteza shamba, nani amepoteza mbegu tu? Nani alikuwa amekodi? Jembe mnalo? Ng'ombe wa kulimia wamebaki wangapi? Mazao gani mlikuwa mnapanda na kwa mpangilio gani? Nani tayari ameshawasaidia na ametoa nini? Hilo la mwisho linaokoa hela sana.

Halafu omba upewe dakika 10 kwenye mkutano wa kijiji. Sio kikao cha viongozi, mkutano wa wananchi wote. Hapo sema mnachoweza na *mnachoshindwa*. Sema kwa sauti hamna hela za kugawa.

Angalizo la orodha. Utapewa orodha ya waathirika imeandikwa vizuri. Ishukuru, halafu isome mbele ya watu kitongoji kwa kitongoji. Wanaokosekana karibu kila mara ni walewale: wajane wanaokaa kwenye uwanja wa shemeji, waliokodi mashamba, vibarua, na wafugaji ambao siku ya kuandika walikuwa na mifugo mbali. Ikisomwa hadharani watu wenyewe wanasahihisha, wewe hugombani na mtu.

4. Mipaka kwanza, jembe baadae. Hii nairefusha makusudi kwa sababu sijaona mtu anaisema. Tope likishuka linafuta kila kitu, mti wa mpaka umeenda, jiwe limeenda, mfereji umehama. Nyie mnakuja na nguvu zenu mnasafisha "shamba la mzee fulani", kumbe nusu yake ni ya jirani ambaye yuko kwa ndugu mjini anauguza mtoto. Akirudi anakuta limelimwa. Tumeshuhudia ndugu wawili wa tumbo moja wanashikiana mapanga kwa hatua 4 za ardhi, na sisi ndo tulioanzisha, kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kusafisha, omba mwenyekiti wa kitongoji, wazee wawili watatu wanaoijua ardhi ile, na wenye mashamba yanayopakana, wote wasimame pale. Wakubaliane, wapige vigingi, mwandike kwenye kaunta buku, wote wasaini au waweke dole gumba. Baadae wapande minyaa au mti wowote wanaoutumia wao kwa mipaka. Wakishindwana msiamue nyie. Kuna baraza la ardhi la kijiji, hiyo ndo kazi yake, lipo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ruka hilo shamba nenda linalofuata.

5. Gawaneni kazi, kisha safisheni. Utaratibu unaofanya kazi ni ule wa nguvu za wananchi ambao kila kijiji Tanzania kinaujua, walivyojenga madarasa ndo hivyohivyo, Upareni na Usambaani wanauita msaragambo. Kijiji kinatoa watu, mawe, mchanga, maji. Nyie mnatoa kinachotoka dukani na mnashika jembe pamoja nao. Msilipe posho ya kufyeka shamba la mtu mwenyewe. Mkilipa siku moja mmeua kazi ya miezi 6. Ila chakula cha mchana cha pamoja, makande au ugali maharage, hicho pikeni, watu wana njaa kweli.

Kusafisha lenyewe lina ufundi wake:

Chimba shimo dogo sehemu tano tofauti za shamba upime tope lina kina gani. Likiwa jembamba, kiganja kimoja au kidogo zaidi, na ni laini la mfinyanzi, msilitoe. Litachanganyika na udongo wa chini wakati wa kulima. Kama ni mchanga mtupu na unafika magotini, hapo msijiue kuutoa shamba zima, chagueni robo eka ya karibu na nyumba msafishe vizuri, kwingine tengenezeni mashimo ya kupandia, mnachimba mchanga mpaka mnafika udongo wenyewe, mnaweka samadi debe moja mnapanda humo.

Subirini likauke. Chukua udongo fumbata mkononi, ukiachia ukabaki bonge linalong'aa bado ni mbichi, ukimumunyuka vipande ukiugusa twende kazi. Mkililima bichi linakuwa tofali. Na msilete trekta wiki za mwanzo, linashindilia udongo na mara nyingi linazama, mtaanza kazi ya kulivuta.

Mawe msitupe mtoni. Yapangeni mstari kukingama mteremko, mtayahitaji hatua ya 7.

Na hili nalisema taratibu. Kama ilikuwa maporomoko makubwa kama ya Hanang ambayo watu zaidi ya 80 walifariki, mnaweza kukuta kitu ambacho sio jiwe. Mkikuta, simamisheni kazi yote pale, funikeni kwa heshima, ita mwenyekiti na polisi. Hakuna picha. Siku ile kazi imeisha, nendeni mkakae na familia.

6. Mbegu. Kosa letu kubwa kuliko yote liko hapa. Tulichangisha hela tukanunua mbegu ya mahindi Dar kwenye duka zuri tu, mbegu halali, lebo halali, tukaipeleka kijiji cha mlimani kwenye baridi. Ilikuwa mbegu ya ukanda wa chini. Iliota, ikakaa, ikadumaa, majirani waliopanda ya kwao wakavuna sisi tunatazamana. Mama mmoja akaniambia, "Mwanangu ungeniuliza." Basi.

Kwa hiyo muulizeni afisa ugani wa kata na wakulima wenyewe, wanapanda mbegu gani, nunueni hiyohiyo. Duka liwe lililosajiliwa, pakiti iwe na lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, mkwangue muihakiki namba kwa simu kabla hamjalipa. Kwa hesabu ya haraka mahindi eka moja inakula kilo 8 mpaka 10, nafasi ni sentimita 75 mstari kwa mstari na 30 shimo kwa shimo mbegu moja moja, au 60 kwa mbegu mbili. Maharage yanakula zaidi, kilo 30 na kitu kwa eka, msishangae bajeti ikipanda.

Mbegu iliyopakwa dawa ina rangi, nyekundu, kijani, bluu. HAILIWI. Kwenye kijiji chenye njaa mtu atajaribu kuiosha apike. Semeni hili mara tatu kwa lugha ya pale, na ndo sababu mbegu igawiwe pamoja na chakula kidogo, mtu mwenye watoto wana njaa hawezi kufukia mahindi ardhini akawatazama.

Kama mvua imeshawapita nusu, achaneni na mahindi. Mchicha unachumwa wiki ya 3 au 4. Kunde mnaanza kula majani mapema na punje baadae. Viazi vitamu vinapenda hata ule udongo wa kichanga uliobaki, marando mkate urefu wa sentimita 30 hivi, yakatwe jana yapandwe leo au kesho, yasafirishwe kivulini yamefunikwa na gunia bichi. Mkibeba marando kwenye gari wazi jua la saa 7 mmebeba kuni.

Mbolea ya ruzuku ipo ila mkulima lazima awe kwenye daftari la usajili, na wengi wamepoteza namba zao au simu imesombwa na maji. Kumkalisha mtendaji na kijana mmoja wenu mwenye kuandika haraka siku mbili wakarudishia watu taarifa zao ni msaada mkubwa kuliko mifuko 10 ya mbolea mtakayonunua. Haipendezi kwenye picha lakini.

7. Makinga maji. Hapa ndo mahali ninapopapenda. Mashamba yaliyo kwenye mteremko yakibaki vilevile mvua ijayo inakuja kuchukua kilichobaki pamoja na mbegu zenu. Wakamba wa Machakos kule Kenya wana njia inaitwa "fanya juu", unachimba mtaro kukingama mteremko kama sentimita 60 upana na 60 kina, udongo unaurusha upande wa juu, miaka inavyoenda shamba linajitengeneza ngazi. Ukirusha chini inaitwa fanya chini, ni nyepesi zaidi ila haitengenezi ngazi vizuri.

Shida ni usawa. Mtaro ukiinama kidogo tu maji yote yanakimbilia kona moja yanapasua. Kifaa cha kupimia hamnunui. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2, ifunge juu ikutane kama herufi A, weka mti wa kukatiza katikati, ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, kamba ikitulia weka alama inapogusa mti wa katikati. Geuza, mguu wa kulia uende kwa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndo usawa wako, kata hapo kialama kikubwa. Sasa tembea nayo shambani, mguu mmoja unabaki mwingine unatafuta mahali kamba itakaa kwenye alama, piga kigingi, endelea. Watoto wa darasa la 5 wanajifunza kwa nusu saa na wanawazidi nyie, nakuhakikishia.

Juu ya tuta pandeni majani ya ng'ombe, matete yanafaa. Yanashika udongo na mwenye ng'ombe anapata sababu ya kulitunza tuta. Tuta tupu litakanyagwa mwaka huohuo. Na acheni sehemu moja ya kutolea maji ya ziada, iliyopangwa mawe, isiyoelekea nyumba ya mtu!! Mtadhani ni kitu cha wazi hicho. Sio cha wazi.

Anzeni juu kushuka chini, sio shamba la katikati kwa sababu mwenyewe ni rafiki yenu.

8. Maji na vyoo. Kwa kifupi. Kisima kilichofurika hakinywewi mpaka watu wa afya au wa maji wakisafishe, maji yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa kwa maelekezo ya pakiti. Choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Kwenye bomba la kijiji msifungue koki yoyote bila jumuiya ya watumia maji, wanajua bomba linapita wapi.

9. Nyumba. Kila grupu linataka kujenga nyumba. Sikilizeni, pale Hanang serikali na wadau walijenga nyumba 109 na ilichukua kama mwaka mzima mpaka watu kukabidhiwa, na hao wana wahandisi na magreda. Nyie na likizo yenu ya wiki 2 mtaacha msingi. Nimeona misingi ya namna hiyo imeota nyasi, inauma.

Mnachoweza: kusafisha kiwanja ambacho halmashauri imeshasema ni salama, kusomba mchanga, kufyatua tofali kiangazi. Mkipata mashine ya tofali za kufungamana ni nzuri maana hazichomwi, tofali za kuchoma zinakula miti, na miti mkiitoa mlimani mnajua kinachofuata. Tofali mkishafyatua zifunikwe kivulini zimwagiwe maji siku 7, sio zianikwe juani kama dagaa.

10. Kukabidhi na kurudi. Kaunta buku moja inabaki kijijini, moja mnaondoka nayo, zote zimeandikwa sawa: nani kapata nini, tarehe, saini. Risiti zipigwe picha zitumwe kwenye grupu la wachangiaji wiki hiyohiyo. Mchango uwe kwenye namba ambayo watu wawili wanaijua, sio "nitumieni mimi".

Halafu mrudi. Wiki 3 baada ya kupanda mrudi kwenye palizi, hata watano tu, na mrudi kwenye mavuno. Mkivuna pelekeni mifuko ya kinga njaa, ile inayofungwa bila hewa, ili dumuzi wasile kilichopatikana. Grupu linalorudi mara ya tatu linapewa kuku, linaambiwa na ukweli.

Makosa ya kila mtu

Nguo. Tulipokea gunia zima la viatu vya mchuchumio, kupeleka kwenye tope. Kama lazima nguo ziwe kanga, blanketi, sare za shule, na zichaguliwe mjini kabla.

Picha za watu wanalia. Acheni. Mtoto wa mtu ana jina na shule anayosoma na wenzake wana simu.

Kofia na fulana za chama. Vueni hata kama ni ya kulalia. Kijiji kikiwaona wa upande mmoja nusu ya watu hawaji kazini.

Kusema "tutarudi na maji ya bomba". Mtu ameandika moyoni.

Mkikwama

*Watu hawaji kazini.* Angalia kwanza siku. Labda ni siku ya mnada, au kuna msiba. Kama sio hivyo, muulize mama mmoja faragha, mara nyingi orodha ina tatizo, au mmeanza na shamba la kiongozi.

*Kiongozi anataka vitu vikae kwake.* Msimshutumu. Sema wachangiaji wetu wanataka saini ya kila mpokeaji, kwa hiyo tunagawa pale pale uwanjani. Hiyo ndo faida ya kaunta buku.

*Mvua imewahi, shamba halijaisha.* Gawaneni, kila kaya isafishe robo eka tu ipande mboga na viazi. Zima moto kwanza.

*Mahindi yameota mabaka mabaka.* Fukua mashimo matano. Mbegu imeoza, udongo ulikuwa bichi au mmefukia chini sana. Mbegu haipo, ni panya au ndege. Rudishieni ndani ya wiki moja au mpande maharage kwenye mapengo, mkichelewa yatakayoota yanamezwa na kivuli cha wenzake.

*Majani yana matundu na unga kama wa mbao kwenye moyo wa mhindi.* Viwavijeshi vamizi. Pita asubuhi na mapema, minya kwa mkono wakiwa wadogo, muite afisa ugani kwa dawa kabla hawajazama ndani. Mkisubiri wakubwa dawa haiwafikii.

*Ng'ombe wameingia shambani.* Msiwapige mawe wala msiwakamate nyie. Malisho yao nayo yamefunikwa na tope. Wazee wa pande zote mbili wakae, wakubaliane njia ya kupita kwenda majini, muiache wazi kwenye makinga maji yenu. Sisi tulikuwa tumeiziba, ndo maana waliingia.

*Grupu lenyewe limegombana.* Kawaida siku ya nne, watu wamechoka na hawajaoga. Pumzikeni nusu siku, pikeni kitu chenye nyama.

*Hela imeisha kazi haijaisha.* Itisha mkutano useme hivyohivyo, siku hiyohiyo, na kaunta buku mkononi. Msitoroke usiku. Sisi tulipoitisha mkutano mzee mmoja akasimama akasema sururu ziacheni, mitaro iliyobaki tutamaliza. Tulivyorudi kwenye palizi walikuwa wamebakiza miwili.